Tundu la Mguu wa Nyuma

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpelekee mama hapo alipoketi. Najua barua hii unaisoma kwa sauti, yeye kanyoosha magoti kwenye kile kiti cha kuegemea ulichomtengenezea, kwa hiyo nawaambia wote wawili kwa pamoja: sijambo, nakula, nalala, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeniaga. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikwambia nimepata chumba kizuri, ukanijibu "pole sana". Nikajua mashine ya mbao imeshamaliza masikio yako. Bora tuandikiane.

Hapa makumbusho kazi imepamba moto. Ukumbi wa masokwe unapangwa upya. Kabati la zamani lilikuwa na rafu mbili. Rafu ya juu fuvu la binadamu, peke yake, kama bwana harusi. Rafu ya chini wamebanana wengine wote: orangutangu, gorila, sokwe na bonobo. Mkuu wetu, tunamwita Miwani kwa sababu huwa na miwani mbili kichwani na ya tatu anaitafuta, amesema kabati hilo limekuwa likidanganya watu kwa miaka mingi. Sokwe na bonobo ni ndugu zetu sisi kuliko walivyo ndugu wa gorila. Wote wanaingia familia moja, na binadamu anashushwa akae nao. Mimi ndiye nitakayepanga mafuvu na kuandika vibao. Ufunguzi ni mwisho wa Juni.

Kabati jipya lililetwa Ijumaa na fundi mmoja wa mjini hapa, jina lake la mtaani Taratibu, na kweli hana haraka. Nilipoingia uvunguni kufuta vumbi la msasa nikaona kitu kikanichekesha. Mguu wa nyuma, wa kulia, kwa ndani, kiganja kimoja kutoka sakafuni, kuna tundu. Halina kigingi, halina msumari, halishiki kitu. Liko vilevile kwenye kitanda changu cha utotoni, kwenye meza ya mama na kwenye kila kitu kilichotoka kwenye karakana yako. Nilidhani duniani mtoboaji ni wewe peke yako. Kumbe ni mtindo wa mafundi?

Mpwa wako,
Chiriku


21 Februari

Chiriku,

Marahaba. Tumeshukuru kusikia umepona. Mama yako magoti yake yanapanda na kushuka kama bei ya sukari, ila mdomo haujapata ugonjwa wowote. Anasema uvae sweta. Upepo umeng'oa bati mbili za karakana, nimezirudisha mwenyewe, na kabla hujanigombeza, ndiyo, nilipanda juu, na ngazi nilishikiwa.

Sasa hili la sokwe. Nimekulea tangu una meno mawili. Nikakutengenezea dawati, ukasoma, ukaondoka. Leo unaniandikia kwamba ndugu yangu yuko juu ya mti anajikuna! Jirani yetu shamba lake linavamiwa na nyani kila mwaka. Miaka arobaini nawatazama, hajatokea hata mmoja aliyeomba jembe. Kama tumetokana nao, hawa waliobaki wanasubiri nini?

Mimi nimetengeneza makabati maisha yangu yote. Kila kitu kina rafu yake. Vikombe havikai na viatu. Binadamu mwacheni juu, msimpe mtu undugu ambao hakuuomba. Mwambie huyo Miwani wako avae moja tu, labda ataona vizuri.

Mama yako anakusalimu.

Mjomba wako


4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sweta nimevaa. Ngazini usipande tena, wewe si tumbili, umesema mwenyewe.

Habari ya jembe nimemsomea Miwani, akacheka mpaka miwani moja ikaanguka. Anakusalimu na anasema hivi: hakuna aliyesema tumetokana na nyani wa jirani. Mimi sikuzaliwa na binamu yangu. Mimi na binamu yangu tuna babu mmoja, na kuwepo kwangu hakumfanyi yeye aondoke wala ageuke mimi. Ndivyo tulivyo na sokwe. Zamani sana, wanakadiria miaka milioni sita au saba, palikuwa na viumbe ambao hawakuwa sokwe wala watu. Kizazi kimoja kikaenda huku, kingine kule. Gorila alikuwa ameshachepuka kabla ya hapo, na orangutangu kabla ya gorila.

Utauliza wanajuaje. Nami niliuliza. Wana mifupa ya kale, ndiyo, lakini lililonikaa moyoni ni jingine. Muulize mama, aliyesahihisha madaftari miaka thelathini. Wanafunzi wawili wakipata jibu sahihi, huenda wote wamesoma. Wakikosea kosa lilelile, mahali palepale, hao wametazama daftari moja. Sasa mwilini mwa mbuzi, mbwa na wanyama wengi mna maelekezo ya kujitengenezea vitamini C, ile sisi tunayoitafuta kwenye machungwa. Sisi nasi maelekezo hayo tunayo, lakini yameharibika. Sokwe yake yameharibika, gorila na orangutangu pia, hata nyani wa jirani yako, na kwa namna ileile. Kitu chenye faida watu wawili wanaweza kukibuni kila mmoja kivyake. Kosa lisilo na faida, likifanana mpaka mwisho, limerithiwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka tundu. Hukunijibu, Mjomba. Nimezunguka kwa mafundi wanne wa mtaa huu, nimeingia uvunguni mwa vitanda mpaka mmoja akaniuliza kama nimepoteza pete. Hakuna anayetoboa. Nikamuuliza Taratibu nani alimfundisha kazi. Akasema, "Baba." Nikamuuliza baba yake alikuwa nani, akarudi kwenye randa yake. Umri wake kama arobaini na saba hivi. Akifikiri, unyusi wa kushoto unapanda peke yake, kama wa mama.

Mjomba, huyu ni nani?

Chiriku


30 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, japo imechelewa. Sikuwa mgonjwa. Mama yako hajambo. Barua zako nyingine mbili nimezipata, nazo hazikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye mkono wangu.

Ile ya Machi nilipomsomea mama yako niliruka kipande cha mwisho. Akaniambia, "Umeruka kitu. Umevuta pumzi mara mbili." Nikabisha. Tangu siku hiyo akawa ananipa chai bila neno. Mwisho nikamsomea yote. Akasema niandike, na nisipoandika ataandika yeye, hata kama kwa macho yake mistari itapandana.

Babu yako alikuwa fundi wa kusafiri. Alikwenda kujenga huko na huko, miezi minne, mitano. Sisi tulijua anatafuta riziki. Siku tuliyomzika, miaka ishirini na miwili iliyopita, alikuja kijana mmoja tusiyemjua. Alilia kama sisi. Baada ya mazishi akanifuata akaniambia yeye ni mtoto wa mzee, wa mama mwingine, na hataki kitu ila keekee ya baba, ile ya kutobolea mbao kwa mkono, iwe ukumbusho. Mama yetu alikuwa amesimama hapo anasikia. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki. Akaondoka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Huyo huenda ndiye Taratibu wako, na huenda siye. Mzee alifundisha wanafunzi wengi, na mwanafunzi naye anaweza kumwita mwalimu wake baba. Kwa hiyo nisikilize. Wanafunzi wote walitoboa lile tundu, na wote waliambiwa ni la nini. Mimi niliambiwa tofauti. Kuna jambo mzee aliniambia mimi peke yangu, kwa sababu mimi ni mwanawe. Muulize huyo fundi tundu ni la kazi gani. Usimwambie wewe ni mtoto wa nani. Andika neno kwa neno atakavyosema, nami nitajua kama ni damu au ni mwanafunzi tu.

Mjomba wako


11 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na mama shikamoo. Nimesoma barua yako mara tatu. Kwanza nilikasirika. Miaka ishirini na miwili nina mjomba wa pili na hakuna aliyenigusia! Halafu nikakuonea huruma, halafu nikakasirika tena kidogo. Sasa nimetulia.

Nilikwenda karakana kwake Jumamosi, nikisingizia bawaba ya mlango wa kabati. Ni chumba kirefu chenye dirisha moja upande wa mashariki. Patasi amezipanga kwa ukubwa, makali yakitazama ukuta, kama zako. Alikuwa anapiga msasa ubao. Nikamuuliza kama mtu anayepitisha muda tu, "Fundi, lile tundu la mguu wa nyuma ni la nini?"

Hakuinua kichwa. Akasema, "Ni la mbao kupumua."

Ndiyo hayo, neno kwa neno. Nilisubiri aongeze, akauliza bawaba iko wapi.

Sijui jibu hili ni zuri au baya, na naogopa kujua. Ila nakwambia, Mjomba, mimi nilitaka liwe zuri. Nimezoea kumwona pale. Nikimwona anapandisha unyusi namkumbuka mama, na nyumbani kunakuwa karibu.

Chiriku


22 Mei

Chiriku,

Marahaba. Jibu nimelipata. Hivyo ndivyo walivyoambiwa wanafunzi. Basi ni mwanafunzi, na yaliyopita tuyaache yalale.

Mama yako hajambo. Hasemi nami.

Mjomba wako


6 Juni

Mwanangu Chiriku,

Usikunje uso, hii ni barua nyingine. Ile ya mwezi uliopita ichome moto.

Juzi alikuja mteja, mwalimu mgeni wa shule ya hapa jirani, kuchukua rafu zake za vitabu. Akazigeuza, akaziangalia, akauliza, "Fundi, na hili tundu ni la nini?" Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Ni la mbao kupumua."

Akaondoka zake. Mimi nikabaki na randa mkononi, siwezi kuisukuma. Miaka arobaini na tano nawajibu watu hivyo hivyo, na hakuna mteja, hakuna jirani, hakuna mwanafunzi aliyewahi kupata jibu jingine kwangu. Nilimtuma mtu asiyejulikana akaulize siri ya nyumba, kisha nikamhukumu mwenye siri kwa kuitunza. Nyani haoni kundule, nami nimekaa juu ya langu miezi mitatu nikikufundisha habari za rafu.

Sasa na ukweli nauandika, ili umpe. Mzee akiwa kijana alitengeneza kabati la karani mmoja mwenye majivuno. Akakosea kipimo, akatoboa tundu la kigingi mguu usio wake. Karani akaliona. Mzee akakaza uso, akasema limewekwa makusudi ili mbao ipumue. Karani akafurahi, akatangaza mji mzima. Tangu hapo kila mteja akataka kabati linalopumua, na lisilo na tundu likarudishwa kwa mzee. Mzee akashindwa kuacha. Aliponiambia alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Hili kosa ni langu na watoto wangu." Kwa hiyo nililibeba kama cheo.

Nimefunga keekee yake ndani ya shati langu la kazi, utaipata pamoja na barua hii. Mpe. Mwambie wewe ni nani. Na yale maneno ambayo sikuyaandika, nayaandika sasa kwa sababu ni lazima yeye aone kwamba nayakumbuka. Nilimwambia: "Vifaa vya mzee ni vya watoto wake. Wewe huna ndugu hapa." Nilisema uongo mbele ya kaburi, na nilijua ni uongo, kwa sababu nilikuwa nimeuona unyusi wake. Nilimwogopa mama, na nilimwonea wivu, kwamba ile miezi mitano ya kila mwaka ilikuwa yake. Ninaona haya, Chiriku.

Sihitaji jibu la tundu tena. Kama hajui siri, sasa anayo. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi na mama yako tungependa kuja kwenye ufunguzi wenu, ila hatuji kama yeye hataki kutuona, na akikataa nitamwelewa. Hilo ndilo ninalolisubiri, usinicheleweshee.

Mama yako anasema niandike hivi: siku ile ya mazishi alimfuata yule kijana hadi barabarani, akampa maji na chakula, wakakaa kidogo chini ya ukuta. Hakuniambia mpaka leo asubuhi. Nyumba hii ina siri kuliko serikali.

Na binadamu mshusheni hiyo rafu.

Mjomba wako


20 Juni

Mjomba, Mama,

Shikamooni. Mimi mzima, kazi zinakwenda, nitawasimulia mengine baadaye kwa sababu najua Mjomba anasoma huku macho yanakimbilia chini.

Kifurushi kimefika jana mchana, na sikusubiri hata kula. Taratibu alikuwa peke yake anapaka gundi. Nikamwambia, "Mimi ni mtoto wa yule dada aliyekupa maji siku ya mazishi." Akaweka brashi chini polepole. Nikampa barua kwanza. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye yale maneno yako, midomo yake ikatembea pamoja nayo, kumbe anayajua kwa moyo. Nilitamani kumpokonya ile karatasi. Kisha akarudi nyuma kwenye ile habari ya karani, na mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa analia, ndiyo, lakini anacheka pia.

Akasema, "Kwa hiyo na yeye aliambiwa?"

Mjomba, anajua! Anamjua karani na majivuno yake, anajua mpaka rangi ya lile kabati. Babu alimwambia akiwa na miaka kumi na minne, akamwapisha asimwambie mtu yeyote asiye mtoto wake. "Ndiyo maana siku ile ulipouliza sikukwambia ukweli," akaniambia. "Na sasa ninavyofikiri, wewe ni mjukuu tu, sina hakika kama unaruhusiwa kujua." Nikamwambia siri imeshapita posta mbili, amechelewa. Kila mmoja wenu alikuwa na hakika ameambiwa peke yake. Babu alikuwa na mkono wa kukosea kipimo, lakini katika hilo aliwagawia sawasawa.

Akafungua shati. Aliishika keekee kwa mkono wa kushoto, kama wewe, akaizungusha hewani mara moja tu, akaifunga tena. Shati amelibakiza, labda hutalipata.

Nilirudi makumbusho nikamaliza rafu. Orangutangu ana nafasi yake, gorila anamfuata, na katikati, rafu moja, sokwe, bonobo na binadamu, bega kwa bega. Miwani ameniruhusu niongeze kibao kimoja kidogo chini, karibu na mguu wa nyuma wa kulia, watoto wa shule wakiinama wakione. Kimeandikwa: "Fundi aliyetengeneza kabati hili alifundishwa na baba yake. Tafuta kosa."

Mje. Amesema mje. Amepima chumba chake mbele yangu, akakisafisha upande wa dirisha kwa ajili ya mama, na wewe utalala karakana pamoja naye kwa sababu, anasema, mna miaka mingi ya kuzungumza na wewe husikii, kwa hiyo itabidi mpige kelele na majirani hawapendi. Keekee njoo uiazime mwenyewe kwa siku mbili tatu, kuna kazi inakusubiri. Ameanza kutengeneza kitanda chako. Miguu mitatu imeshakamilika, wa nne ameuacha mzima. Nilipomuuliza kwa nini, unyusi ukapanda.

"Mwambie kaka," akasema, "lile tundu nimemwachia yeye atoboe."

Chiriku